Ujira wa Shoka: Kuisoma RuneScape Mara ya Pili

Sisi tunaoandika tahakiki tumezoea sanaa za aina tatu: inayosomwa, inayoigizwa na inayoimbwa. Ikija ya nne tunaipa jina la "mchezo" halafu tunaipisha ipite zake. Mchezo ni wa watoto, tunasema, na mtoto akikua huuacha. Haya, tukubali. Lakini je, mtu mzima anayeurudia? Huyo anafuata nini? Makala hii inauliza swali hilo juu ya mchezo mmoja tu, RuneScape, ambao niliucheza kati ya mwaka 2006 na 2009, nikauacha, kisha nikaurudia mwaka 2022. Sikusudii kuusifu kwa vile niliupenda. Ninataka kuuhakiki kama ambavyo ningehakiki riwaya: dhamira yake kuu ni ipi, fani inaibebaje dhamira hiyo, na kwa nini watu wengi wa rika langu, duniani kote, walidai warudishiwe ule wa zamani na si mwingine.

Kwa asiyeufahamu, nieleze kidogo. RuneScape ulitolewa Januari 2001 na ndugu wawili wa Uingereza, Andrew na Paul Gower, na kampuni yake, Jagex, ina makao Cambridge. Ni mchezo wa mtandaoni wa watu wengi kwa pamoja. Maelfu huingia katika nchi moja ya kubuni iitwayo Gielinor, kila mmoja na mhusika wake. Wanaonana, wanazungumza kwa kuandika, wanauziana vitu, na wakitaka wanapigana. Enzi zile ulifunguka ndani ya dirisha la kawaida la intaneti, hukuhitaji kununua diski. Sehemu kubwa ya nchi ilikuwa ya kulipia, dola 5 kwa mwezi, lakini kipande cha mwanzo kilikuwa bure kabisa. Sisi wa bure tulikijua kipande hicho kama tunavyoijua mitaa ya kwetu: Lumbridge, Draynor, Varrock, Falador, na ncha ya kisiwa cha Karamja.

Muulize mchezaji yeyote dhamira ya RuneScape. Atakwambia ni vita, au ushujaa, au majoka. Picha za matangazo nazo zinasema hivyohivyo: panga, moto, mabawa. Sasa wewe msomaji chukua kalamu uhesabu. Mchezo wa zamani ulikuwa na stadi 23 za kujifunza. Saba ndizo za mapigano yenyewe. Nyingi kati ya zilizobaki ni za kazi: kukata miti, kuvua, kupika, kuchimba madini, kufua vyuma, kushona ngozi, kulima, kujenga nyumba, hata kuwasha moto kumefanywa stadi. Jukumu la kwanza ambalo wengi wetu tulipewa halikuwa la kuua jitu lolote. Mpishi wa kasri ya Lumbridge amesahau mahitaji ya keki ya sherehe ya bwana wake, naye anakutuma ukamletee yai, maziwa na unga. Ngano unaikata shambani mwenyewe, unaipeleka kinuni, unashusha unga, ng'ombe unamkama. Shujaa gani huyu? Huyu ni kijana wa kazi, ametumwa dukani.

Kwa hiyo nasema wazi: RuneScape ni utunzi juu ya kazi. Naam, juu ya kazi ya namna moja hasa, ile isiyomdhulumu mfanyaji.

Tazama fani inavyolibeba jambo hili. Unakata mti wa kawaida. Gogo likiingia mkobani, unaandikiwa pointi 25 za uzoefu. Gogo la pili, 25. La elfu moja, 25 zilezile. Hakuna msimamizi wa kukukata, hakuna "njoo kesho", hakuna mjomba wa mtu anayepewa 40 kwa gogo kama lako. Ngazi ya juu kabisa ya stadi ni 99, na kuifikia kunataka pointi 13,034,431. Kwa miti ya kawaida peke yake, hayo ni magogo zaidi ya laki tano na elfu ishirini. Ukifika ngazi ya 92 unaweza kudhani umekaribia, kumbe ndiyo kwanza uko nusu ya njia. Mwandishi wa riwaya akituandikia ukataji wa magogo laki tano, kitabu tutamrudishia. Lakini hapa hausomi ukataji, unaukata. Marudio, ambayo katika hadithi ni udhaifu, hapa yamekuwa ndiyo maudhui yenyewe. Mchezaji anaijua jumla, anajua amebakiza ngapi, na anajua kwamba hakuna atakayebadilisha hesabu njiani.

Niseme sasa tulikuwa wasomaji wa aina gani tulipokutana na utunzi huu kwa mara ya kwanza, maana bila hilo marudio hayaeleweki. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari Morogoro. Intaneti ilikuwa kitu cha kukodi kwa dakika, kwenye chumba chenye kompyuta nane na feni moja. Kabla kebo ya SEACOM haijafika pwani ya Dar es Salaam Julai 2009, mawasiliano yetu na dunia yalitegemea zaidi satelaiti iliyo juu kilomita karibu 36,000. Ombi lako linapanda huko, linashuka Ulaya, jibu linapanda tena, linashuka kwako. Hata njia ikiwa nyeupe, nusu sekunde imekwenda. Michezo ya kurushiana risasi haikuwezekana kabisa. Unakufa kabla hujajua umepigwa. RuneScape uliwezekana. Sababu ni ya kifani: mchezo huu unahesabu muda wake kwa mapigo ya sekunde 0.6, na kila tendo, la tajiri na la maskini, linasubiri pigo lake. Kwenye ukataji wa miti, mtoto wa London mwenye waya wa kasi alikuwa anangoja pamoja nasi. Sijawahi kuona mhakiki wa Ulaya akilitaja hilo, pengine kwa sababu kwake halikuwa na maana. Kwetu lilikuwa mlango.

Na kwa kuwa kazi ile ilitaka kubofya mara moja tu kisha kungoja, mdomo ulikuwa huru. Anayejua akina mama wanavyochambua mchele barazani ataelewa. Mikono ina shughuli, macho yana shughuli kidogo, na maneno yanatembea. Pale kwenye miti ya kando ya maji ya Draynor, hatua chache kutoka benki, tulisimama watu kumi kumi tukikata na kupiga soga na watu wa Finland, Kanada, Ufilipino. Kiingereza changu cha mitihani nilikipata darasani. Cha kubishana bei nilikipata Varrock, mbele ya benki ya magharibi, ambako wauzaji walikuwa wakipaza sauti za maandishi ya rangi hadi skrini inajaa. Ilikuwa Kariakoo kamili, tofauti ni kwamba hakuna aliyekuibia simu. Walikuibia deraya.

Tuliusomaje basi mchezo huu tukiwa na miaka kumi na mitano? Tuliusoma kama mchezo wa kuigiza utu uzima. Hatukuwa na kazi, tukacheza kazi. Hatukuwa na mshahara, tukahesabu pointi. Walimu walikuwa wanatuambia soma kwa bidii utapata. Mchezo ulikuwa unatuonyesha kwa vitendo kwamba ndiyo, bidii inalipa, tena kwa hesabu kamili. Kauli ya mwalimu na kauli ya mchezo zilikuwa moja. Nani angeitilia shaka?

Mkataba huo, wa bidii kulipwa sawasawa, ndio uliowashika wachezaji. Ushahidi uko katika historia ya mchezo wenyewe. Kulikuwa na watu wanaouza dhahabu ya mchezoni kwa fedha halisi. Ili kuwakomesha, mwezi Desemba 2007 na Januari 2008 kampuni iliondoa mapigano huria ya nyikani, ikaziba na biashara huria, kiasi kwamba hukuweza kumpa rafiki kitu cha thamani bila yeye kukupa cha kulingana. Zawadi ikawa kosa! Malalamiko yakadumu miaka mitatu, hadi Februari 2011 mambo hayo yaliporudishwa baada ya wachezaji kupigiwa kura ya maoni. Kisha mwaka 2012 ikaja gurudumu la bahati: unalizungusha, unapata zawadi, nyingine zikiwa pointi za uzoefu zilezile za jasho, na mizunguko ya ziada unainunua kwa fedha. Novemba mwaka huohuo mfumo mzima wa mapigano ukabadilishwa. Wachezaji wengi wakasusa. Wengi wanasimulia kwamba tatizo lilikuwa mapigano mapya, na ni kweli yaliudhi. Lakini ukiusoma mchezo kama utunzi juu ya kazi, gurudumu ndilo lililovunja kiini. Ukishaweza kununua ngazi, magogo laki tano ya mwenzako yamekuwa ujinga wake.

Februari 2013 kampuni ikawauliza wachezaji kama wanautaka ule wa zamani. Ilikuwa imepata nakala ya akiba ya Agosti 2007. Kura zaidi ya 440,000 zikapigwa, na mwezi huohuo seva zikafunguliwa kwa jina la Old School RuneScape. Nakala ile ilirudisha nchi, haikurudisha watu. Miti, ng'ombe, mpishi na keki yake, vyote vilikuwa kama vilivyoachwa, ila kila mchezaji alianza upya na shoka duni mkononi. Waliokuwa na ngazi 99 na waliokuwa na 12 wakasimama pamoja Lumbridge, wote sifuri. Hakuna aliyenung'unika kupoteza miaka yake. Mimi nasema hiyo ni dalili kwamba mali waliyokuwa wakiitamani haikuwa ngazi zao za zamani. Walitaka mahali ambapo kuanza sifuri kuna maana.

Mimi nilirudi kwa kuchelewa, mwaka 2022, kupitia simu, kwa maana tangu Oktoba 2018 mchezo wote unaingia kiganjani. Ng'ombe wa Lumbridge wapo palepale mashariki ya mto. Muziki uleule wa kinanda cha kompyuta. Nilikwenda Draynor nikakuta watu saba kwenye miti ileile, nikaandika salamu. Kimya. Nikaandika tena. Mmoja akaondoka. Kule Varrock mnada wa kelele haupo, kwa sababu tangu 2015 kuna soko kuu linalokutanisha muuzaji na mnunuzi bila wao kuonana. Siku hizi watu wameshapiga hesabu za kila kitu: mti upi unalipa zaidi kwa saa, ukae wapi, ubofye lini. Wengi wanaukata mti huku wanatazama kitu kingine kabisa.

Wengine wakiandika juu ya kurudi kwao huishia hapo. "Watu hawazungumzi tena, utamu umekwisha," wanafunga kalamu. Mimi naona hapo ndipo tahakiki inapoanza. Kwa maana, jamani, kama soga ndiyo ilikuwa utamu wote, mbona hawa saba bado wanakata? Mbona nami nilibaki, nikakata usiku tatu mfululizo, bila wa kuongea naye?

Nilibaki kwa sababu safari hii niliusoma mchezo nikiwa mtu aliyekwisha kuonja kazi. Rika langu tulitoka vyuoni tukakutana na matangazo yanayotaka "uzoefu wa miaka mitatu" kwa nafasi ya kuanzia. Uzoefu! Neno lilelile. Gielinor unaupata kwa kugusa shoka; huku kwetu huupati bila kazi, na kazi huipati bila huo. Nimefanya mikataba ya miezi mitatu mitatu. Mwajiri mmoja alinilipa ujira wa Machi mwezi wa Septemba, tena pungufu, na risiti nikatia saini ya kamili. Siyasemi haya ili nihurumiwe, kila anayesoma gazeti hili ana yake. Nayasema kwa sababu yanabadilisha usomaji. Gogo lilipoanguka mkobani na 25 ikatokea juu ya kichwa cha mhusika wangu, papo hapo, bila fomu, nilihisi kitu ambacho mvulana wa 2006 hakukihisi. Yeye alikuwa anaigiza maisha yajayo. Mimi nilikuwa natazama ahadi ambayo nimeshaona ilivyokwenda.

Na ukishaona hivyo unaanza kuona mengine. Pale Karamja, kisiwa cha joto chenye msitu, kuna shamba la migomba la bwana mmoja aitwaye Luthas. Anakuajiri. Ujaze kreti moja ndizi 10, anakulipa sarafu 30. Nauli ya meli kutoka Port Sarim hadi kisiwani ni sarafu 30. Kurudi, 30. Yaani kreti moja inakurudishia nauli ya kuja, ya pili ndiyo ya kuondokea, na hapo hujala. Mwaka 2006 nilicheka tu kwamba Luthas ni bahili. Sasa fikiria mtu wa Morogoro, nchi ya mkonge, ambaye babu yake alikuja huko kama manamba na kufanya kazi kwa kadi ya kipande, siku 30 za kujaziwa moja moja. Manamba: jina lenyewe limetoka kwenye namba. Hesabu ya Luthas ninaifahamu kutoka nyumbani. Na watunzi nao wanajua kwamba kazi hiyo hailipi, maana ndani ya mchezo inamfaa mchezaji kama kisingizio: katika jukumu moja la hazina ya maharamia unaajiriwa shambani ili ufiche chupa ya ramu ndani ya kreti na kuivusha. Katika nchi yote ya kazi zenye haki, shamba la kisiwa cha joto ndilo lenye ujira wa kukupeleka na kukurudisha tu. Sidai kwamba ndugu wale walikusudia somo la historia. Utunzi husema yake hata mtunzi akinyamaza.

Tukiwa Karamja tuseme na hili. Ukiingia ndani zaidi ya msitu, katika sehemu ya kulipia, unakutana na wenyeji ambao jina lao ni "mtu wa kabila", basi, hawana jina jingine, nao wanakuvamia na kukutia sumu. Kibwengo ana hadithi zake, jitu lina ukoo wake, mtu wa kisiwani ana sumu. Wachezaji walioipigia kura nakala ya 2007 walilirudisha na hilo. Anayetaka zamani irudi vilevile ilivyokuwa huletewa yote, pamoja na lile ambalo hakuwa anaitazama wakati ule.

Sasa nije kwa wasomaji wengine wa mchezo huu, ambao bila wao tahakiki yangu ingekuwa ya mtu aliyeshiba. Uchumi wa Venezuela ulipoporomoka, mshahara wa chini wa mwezi mzima ukashuka hadi dola chache, vijana wengi wa huko waliingia Old School RuneScape kutafuta riziki. Mchezo ni mwepesi, unakubali kompyuta kuukuu na intaneti dhaifu, sababu zilezile zilizotufungulia sisi. Walikuwa wakiua majoka ya kijani nyikani, wanakusanya mifupa na ngozi, wanauza, wanapata dhahabu ya mchezoni, kisha dhahabu hiyo wanaiuza nje kwa fedha halisi. Kanuni zinakataza. Lakini saa chache za majoka ziliweza kuzidi ujira wa siku ya kazi ya kawaida kwao. Mwaka 2017 mchezaji mmoja aliandika mwongozo wa jinsi ya kuwatambua na kuwawinda Wavenezuela penye majoka ya mashariki. Watu wakabishana vikali: wengine walicheka, wengine wakauliza kama ni halali kumnyang'anya mtu chakula chake kwa jina la mchezo.

Hapa ndipo dhamira ya RuneScape inapopimwa. Utunzi unaoahidi kwamba kila jasho lina ujira wake umepata watu walioichukua ahadi hiyo kama ilivyo, neno kwa neno, kwa sababu nchi yao iliacha kuitimiza. Nao utunzi ukawaita wahalifu. Mimi niliyerudi kwa ajili ya kumbukumbu, na kijana wa Maracaibo aliyekuja kwa ajili ya unga wa mahindi, tumesimama katika nyika moja, tunabofya joka moja. Nani kati yetu anausoma mchezo kwa usahihi? Mwenye kanuni atasema ni mimi, kwa kuwa mimi nacheza. Ninavyoona, yeye ndiye aliyeuelewa hadi mwisho. Yeye ameona kwamba hii ilikuwa hadithi ya kazi tangu mwanzo, akaja kazini.

Kuna watakaonijibu: basi mchezo huu ni kasumba. Unawapa vijana wasio na ajira kazi ya uongo ili wasidai ya kweli. Hoja hii ina uzito, na sitaikwepa. Ni kweli kwamba usiku ule tatu sikuandika barua moja ya kuomba kazi. Lakini mwenye kasumba husahau, na mimi sikusahau kitu. Nilitoka mule nikiwa na kipimo. Ukishaishi, hata kwa kuigiza, mahali ambapo gogo la kila mtu ni 25, ule msemo wa "ndivyo dunia ilivyo" unakuwa mgumu kumeza, maana umeiona dunia nyingine ikiendeshwa kwa kanuni nyingine, na imesimama miaka. Ngano zetu zilifanya kazi hiyohiyo. Sungura alimshinda fisi jioni, wala hakuna mtoto aliyeamka asubuhi akiamini fisi wameisha.

Na kwa kuwa nimezitaja ngano, kuna jambo moja la mwisho la kifani. Wazamani hawakupewa nchi yao tu, walipewa na kura. Kitu kipya kikitaka kuingia mchezoni, kwa miaka mingi kilihitaji asilimia 75 ya kura. Mwaka 2022 kikwazo kikashushwa hadi 70. Stadi mpya kadhaa zilipendekezwa na kukataliwa, mojawapo mwaka 2019. Ni kama mtoto aliyezoea hadithi ya bibi: ukibadilisha neno anakukatiza, "Sivyo, bibi, hukusema hivyo jana." Msimuliaji anayemtii mtoto huyo kila usiku atabaki na hadithi iliyokauka. Asiyemtii kabisa hubaki bila msikilizaji, ndiyo yaliyotokea 2012. Walichofanya baadaye ni cha kati: hadithi inaendelea kwa ridhaa. Mwaka 2023 wachezaji wakachagua ubaharia uwe stadi mpya, ukaingia Novemba 2025, stadi ya 24. Ona walichochagua baada ya kungoja miaka yote hiyo: kazi nyingine, ya merikebu na tanga. Hawakuomba gurudumu.

Tuhitimishe kwa kufaulu na kutofaulu, kama tulivyofundishwa. RuneScape umefaulu kifani pale ulipoyafanya marudio yabebe maana, na pale ulipoweka pigo la saa lililo sawa kwa aliye karibu na aliye mbali. Umefaulu kimaudhui kwa kuichora kazi yenye ujira wa haki kwa uwazi ambao riwaya nyingi za ujenzi wa jamii hazikuufikia, maana huko tuliambiwa kazi ni utu, hapa tuliishika. Umeshindwa kwa watu wa Karamja. Umeshindwa zaidi kwa wafanyakazi halisi waliokuja kugonga mlango wake. Hauna neno kwao isipokuwa kuwafungia.

Nawashauri vijana wenzangu waliowahi kuucheza waurudie, hata kwa wiki moja. Wasitafute wale marafiki wa Finland, hawapo. Wakate mti mmoja, waitazame ile 25 inapopanda, halafu wajiulize mara ya mwisho walilipwa hivyo lini, na nani anawadai nini hivi sasa. Mimi mhusika wangu yuko ngazi ya 61 ya ukataji. Ya Machi, ile iliyobaki, bado naidai.